Utani au Masimango? Kejeli za Watunzi wa Programu kuhusu Habari za Teknolojia katika Ukanda wa Dhahabu wa Shinyanga na Geita

Ikisiri

Tahakiki hii inachunguza kejeli ambazo watunzi wa programu na maofisa wa mifumo huzitoa wanapopokea habari za teknolojia. Inazitazama kejeli hizo kutoka Shinyanga na Geita, mahali ambapo dhahabu huchimbwa na habari za teknolojia hupokewa na watu walewale. Hoja kuu ni kwamba kejeli hizi zimekuwa zikiitwa utani kwa urahisi mno. Kwa kutumia vigezo vitatu vinavyotokana na utani wenyewe, yaani ujuzi wa jambo linalotaniwa, haki ya mtaniwa kujibu, na wajibu unaofuata baada ya kicheko, tahakiki inaonesha kuwa baadhi ya kejeli hizo ni utani wa kweli na nyingine ni masimango. Mifano iliyochambuliwa ni mjadala wa makinikia wa mwaka 2017, tozo ya miamala ya simu ya mwaka 2021, tangazo la VPN la mwaka 2023, hitilafu ya nyaya za baharini ya mwaka 2024, na mjadala unaoendelea wa akili mnemba.

1.0 Utangulizi

Mtu anayefika dirishani kulipia leseni au kutoa fedha, awe Kahama, Shinyanga mjini au Geita, huenda akajibiwa kwa maneno matatu: "Mfumo uko chini." Kwa msikilizaji wa kawaida huo ni udhuru unaofunga mazungumzo. Kwa mtunzi wa programu huo ni mwanzo wa kicheko, kwa sababu yeye anajua kwamba neno "mfumo" limebebeshwa mizigo isiyo yake. Pengine umeme umekatika, pengine nywila imesahauliwa, pengine anayeijua nywila hiyo amekwenda kunywa chai. Mfumo, kwa maana anayoijua yeye, uko wima na unasubiri.

Kicheko hicho ndicho kinachohakikiwa hapa. Istilahi "watunzi wa programu" inatumika kwa upana: inamhusu anayeandika programu, ofisa TEHAMA wa halmashauri, msimamizi wa takwimu katika kampuni, na hata fundi simu anayeifuta simu na kuipakia programu upya. Wote hawa wanashirikiana jambo moja: habari ya teknolojia inapotangazwa, wao huisikia kama watu wanaojua kilicho ndani ya chombo.

Eneo limechaguliwa kwa sababu. Mgodi wa Geita wa kampuni ya AngloGold Ashanti ulianza uzalishaji mwaka 2000, wa Bulyanhulu mwaka 2001, na wa Buzwagi mwaka 2009. Geita yenyewe ikawa mkoa mwaka 2012. Kandokando ya migodi hiyo mikubwa wapo wachimbaji wadogo wenye maduara, makarasha na mialo yao. Dhahabu hutumika katika viungio vya ndani ya simu na kompyuta kwa kuwa hupitisha umeme vizuri na haishiki kutu. Kwa hiyo mkazi wa ukanda huu yuko kwenye ncha zote mbili za teknolojia: malighafi inaondoka kwake, na habari ya chombo kilichokamilika inamrudia. Nafasi hiyo ndiyo inayozipa kejeli za hapa uzito ambao msomaji wa haraka huweza kuuchukulia kuwa mzaha mtupu.

2.0 Msingi wa Nadharia

Katika uainishaji wa tanzu za fasihi simulizi, Mulokozi (1996) anaweka malumbano ya watani, soga na mizaha chini ya utanzu wa mazungumzo. Uainishaji huo unatusaidia kuuliza swali ambalo tahakiki nyingi za vichekesho vya mitandaoni hulipita: kejeli hii ni kipera kipi? Soga hupitisha wakati. Mizaha huchekesha. Malumbano ya watani, kinyume chake, yana kanuni na yana pande mbili.

Radcliffe-Brown (1940) aliueleza uhusiano wa utani kuwa ni ruhusa ya kutoheshimiana inayotolewa kwa watu maalumu, ambapo anayekejeliwa anatakiwa asikasirike. Moreau (1944) aliyachunguza mahusiano hayo katika Tanganyika na kuonesha jinsi yalivyounganisha makabila yaliyowahi kukutana kwa vita au kwa biashara. Jambo ambalo kila aliyekulia katika jamii zenye utani analijua ni kwamba ruhusa hiyo ina bei. Mtani anayeingia msibani akamwigiza marehemu hadi wafiwa wakacheka ndiye huyohuyo anayetarajiwa kushika jembe na kusaidia mazishi. Mwenye kucheka bila kushika jembe si mtani. Ni mpita njia mwenye mdomo.

Usukumani ipo pia mila ya mashindano ya ngoma kati ya Bagika na Bagalu. Makundi mawili hucheza uwanja mmoja kwa wakati mmoja, kila moja likitunga nyimbo za kulibeza jingine, na watazamaji huamua mshindi kwa kuhamia upande unaowavutia. Hapa kejeli ina uwanja, ina mpinzani aliye mbele ya macho, na ina hadhira inayojua kanuni. Anayebezwa leo hutunga jibu kwa ajili ya kesho.

Kutokana na mila hizi mbili, tahakiki hii inachota vigezo vitatu. Kwanza ni ujuzi: je, anayekejeli analijua jambo kwa undani kuliko tangazo lenyewe? Pili ni jibu: je, anayekejeliwa yupo uwanjani, na anajibu kama mtani? Tatu ni wajibu: je, baada ya kicheko kuna kazi ambayo mcheshi anaibeba? Vigezo hivi vinatofautiana na mwelekeo uliozoeleka wa kukiona kila kicheko cha mnyonge kuwa ukinzani. Mwelekeo huo una heshima yake, lakini unampa mcheshi sifa kabla ya kumuuliza alichokifanya.

3.0 Uchambuzi wa Mifano

3.1 Makinikia na hesabu ya Noah

Machi 2017 serikali ilizuia usafirishaji wa makinikia nje ya nchi, na makontena 277 yakabaki bandarini Dar es Salaam. Neno ambalo awali lilijulikana na wataalamu wa uchenjuaji likawa la kila kijiwe. Mjadala ulikuwa wa kiteknolojia kwa kiasi kikubwa: sampuli ilichukuliwaje, kipimo kilisomaje, takwimu za nani ziaminiwe. Julai mwaka huohuo kampuni ya Acacia, iliyoendesha Bulyanhulu na Buzwagi, ilitakiwa kulipa dola bilioni 190 za kodi, faini na riba.

Jibu la mtaani lilikuwa hesabu. Watu waliligawa deni hilo kwa idadi ya Watanzania na kutangaza kwamba kila mmoja sasa ajiandae kupokea gari aina ya Noah. Mzaha huu haukuwa mali ya watunzi wa programu peke yao, lakini unaonesha kwa uwazi mbinu wanayoitumia kila siku: wanachukua dai kubwa, wanaliingiza katika hesabu ndogo, kisha wanaliacha tokeo lijiseme. Kwa nchi ya watu milioni 50 na ushei, mgawo ulikuwa takribani dola 3,500 kwa kila mtu. Mcheshi hakuhitaji kusema kwamba tarakimu ile haiaminiki. Aliiegesha Noah mlangoni kwa kila kaya, na msikilizaji akajionea mwenyewe.

Oktoba 2017 ilitangazwa kwamba kampuni ya Barrick, mbia mkuu wa Acacia, ingelipa dola milioni 300, fedha ambazo katika mjadala wa umma ziliitwa "kishika uchumba". Kiasi hicho ni chini ya sehemu moja kati ya 600 za dai la awali. Kwa kigezo cha ujuzi, mzaha wa Noah ulifaulu: uliona mapema kile ambacho mazungumzo ya miezi mingi yalikuja kukithibitisha. Kwa kigezo cha wajibu, ulianguka. Swali la msingi la mkazi wa Kahama, yaani kontena moja lina dhahabu kiasi gani na nani apime, halikusogezwa na kicheko. Noah ilichekwa, kisha ikaachwa.

3.2 Tozo ya miamala

Katikati ya Julai 2021 tozo mpya ilianza kukatwa katika miamala ya fedha kwa simu, kuanzia shilingi 10 hadi 10,000 kulingana na kiasi kinachotumwa au kutolewa. Ukanda wa dhahabu uliguswa moja kwa moja, kwa kuwa mchimbaji aliye mbali na kwao hutuma fedha nyumbani kwa simu. Wapo waliolazimika kuifahamu tozo hii kabla ya wengine: waliotakiwa kuiandika ndani ya mifumo.

Kejeli ya mtunzi wa programu kuhusu tozo ina sura ya pekee kwa sababu yeye anacheka chombo alichokishika mwenyewe. Anajua kwamba tangazo lenye kurasa nyingi huishia kuwa mistari michache inayosema: kiasi kikifika hapa, kata hiki. Mwaka 2021 alijua pia kwamba akituma fedha kwa mama yake, mistari hiyohiyo ingemkata yeye. Kinaya cha namna hii kinakaribia utani wa jadi, ambamo anayecheka na anayechekwa wanakula chungu kimoja.

Kigezo cha jibu nacho kilitimia kwa sehemu. Manung'uniko yalikuwa mapana: kejeli zilisambaa, na Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu kikafungua shauri Mahakama Kuu. Septemba 2021 tozo ilipunguzwa kwa asilimia 30. Itakuwa ni kuzidisha chumvi kusema kwamba kicheko kilileta punguzo hilo. Inatosha kusema kwamba kicheko kilikuwa sehemu ya uwanja ambao ndani yake mpinzani alilazimika kujibu, na waliokuwa wamecheka walirudi kazini kuandika upya viwango walivyovicheka.

3.3 Tangazo la VPN

Oktoba 2023 Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania iliwataka watu na kampuni zinazotumia VPN kutoa taarifa zao, ikiwamo anwani wanazotumia mtandaoni, kabla ya tarehe 30 ya mwezi huo. Kwa mtunzi wa programu, tangazo lilibeba kinaya ndani yake lenyewe. VPN hutumika, pamoja na mambo mengine, kuificha anwani. Hapa mtumiaji anaombwa aiandikishe anwani anayoificha. Ni sawa na kumwambia aliyejificha kwenye mchezo wa watoto aache jina lake na mahali alipo kabla mwenzake hajaanza kutafuta.

Mbinu iliyofaa zaidi katika mazingira haya ni marudio: mcheshi analirudia tangazo lilivyo, haongezi neno, kisha ananyamaza. Mbinu hii ina sababu ya kisheria pamoja na ya kisanaa. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inaadhibu uchapishaji wa taarifa za uongo, na aliyenukuu tangazo rasmi neno kwa neno hajasema uongo wowote. Katika makarasha ya Geita na Kahama neno "marudio" lina maana nyingine: ni mchanga uliokwisha kusagwa na kukamuliwa dhahabu mara moja, ambao bado una dhahabu iliyobaki na hupelekwa kuchenjuliwa tena. Kejeli ya VPN ni marudio kwa maana hiyo. Inaichenjua habari mara ya pili ili kutoa kile kilichopotea katika usomaji wa kwanza.

Hata hivyo, kigezo cha jibu hakitimii hapa. Mamlaka yenye leseni na faini mkononi haiko uwanjani kama Bagika walivyo mbele ya Bagalu. Mcheshi ananong'ona ilhali mtaniwa ana rungu. Malumbano yanapokosa usawa wa namna hiyo, utani hugeuka fumbo, na fumbo hufahamika kwa wachache wenye ujuzi. Mchimbaji anayeitumia VPN kwa kuwa fundi simu alimwekea, bila kujua ni kitu gani, amebaki nje ya kicheko na nje ya maelezo.

3.4 Wingu lililo baharini

Tarehe 12 Mei 2024 nyaya mbili za baharini, EASSy na Seacom, zilipata hitilafu, na intaneti ikazorota Tanzania na katika nchi jirani. Shinyanga iko mamia ya kilomita kutoka Bahari ya Hindi, lakini ilikwama pamoja na Dar es Salaam.

Neno lililobeba kinaya safari hii ni "wingu". Watunzi wa programu hulitumia kwa maana ya mahali pa kuhifadhi taarifa kwenye kompyuta za mbali. Kwa mkulima wa Shinyanga, mkoa unaoujua ukame, wingu hutazamwa juu na huombewa mvua. Mwezi huo ilidhihirika kwamba wingu la kompyuta haliko juu hata kidogo: limefungwa kwa nyaya zilizolala chini ya bahari, na nyaya zikiharibika, nalo halinyeshi. Kejeli inayolikamata neno hilo inafanya kazi ya uhakiki wa lugha. Inaifichua sitiari iliyoagizwa kutoka mbali na kuipima kwa maisha ya mahali ilipofikia.

Mfano huu unaonesha vizuri kigezo cha wajibu. Ofisa TEHAMA anayecheka wingu kuzama baharini, kisha akahakikisha kwamba nakala ya kumbukumbu za zahanati au za mapato imehifadhiwa pia katika kompyuta ya ofisini, ametimiza utani wote. Amemcheka marehemu na ameshika jembe. Anayecheka na kuliacha daftari la wilaya likitegemea waya mmoja amefanya masimango, hata kama maneno ya wawili hao yanafanana herufi kwa herufi.

3.5 Akili mnemba na mwenye karasha

Tangu programu ya ChatGPT ilipotolewa Novemba 2022, habari za akili mnemba zimekuwa chanzo kikubwa cha kejeli miongoni mwa watunzi wa programu duniani kote, kwa kuwa safari hii kazi inayotabiriwa kutoweka ni yao. Kwa Kiswahili kicheko kilianza kwenye istilahi yenyewe. Wapo wanaosema akili mnemba, wapo wa akili unde, na msikilizaji asiye mtaalamu hukikumbuka kwanza kisiwa cha Mnemba, kaskazini-mashariki mwa Unguja.

Chini ya mzaha wa istilahi kuna kinaya kizito. Januari 2023 jarida la TIME liliripoti kwamba wafanyakazi wa Nairobi walilipwa chini ya dola 2 kwa saa kusoma na kuainisha maandishi ya kutisha ili programu hiyo ifundishwe kuyaepuka. Akili ni mnemba, lakini macho yaliyosoma yalikuwa ya watu.

Ukanda wa dhahabu una kipimo chake kwa habari hii. Zamani mbale zilitwangwa kwa mikono. Karasha lilipokuja, kazi ya kutwanga ilipungua na sehemu ya faida ikahamia kwa mwenye mashine. Tena, mara nyingi marudio hubaki kwa mwenye karasha, na dhahabu iliyosalia ndani yake huwa mali yake. Mtunzi wa programu anayeandika kejeli yake hadharani yuko katika hali hiyohiyo: maandishi yake, pamoja na kinaya chake na Kiswahili chake, huweza kukusanywa na kuwa malighafi ya kuifundishia mashine anayoicheka. Anapata kicheko cha mkupuo wa kwanza. Marudio yanabaki kwa mwingine.

4.0 Mjadala wa Matokeo

Mifano hii mitano inaonesha kwamba ujuzi ndicho kigezo kinachotimizwa mara nyingi zaidi. Kila kejeli iliyochambuliwa iliona jambo ambalo tangazo halikulisema: hesabu isiyowezekana, mistari michache nyuma ya tozo, ukinzani wa kuandikisha maficho, waya ulio nyuma ya wingu, mtu aliye nyuma ya mashine. Kwa maana hiyo kejeli ya watunzi wa programu ni aina ya uhakiki, na inastahili kusomwa hivyo badala ya kuachwa kama soga.

Kigezo cha jibu kinatimizwa kwa nadra, na sababu iko nje ya uwezo wa mcheshi. Kampuni iliyo ng'ambo haijui kwamba imetaniwa. Mamlaka iliyo karibu inajua, lakini haijioni kuwa mtani. Hapa ndipo dhana ya utani inapofikia mpaka wake. Mhakiki anayeliita kila neno la namna hii "utani wa kisasa" anaficha tofauti ya nguvu ambayo utani wa jadi ulikuwa ukiisawazisha.

Kilichobaki mikononi mwa mcheshi ni wajibu. Hiki ndicho kigezo ambacho hakihitaji ridhaa ya mpinzani. Mtunzi wa programu anayeicheka kauli ya "mfumo uko chini" anaweza kuandika ujumbe unaomweleza mwananchi kilichotokea na lini arudi. Anayeicheka lugha ya tangazo anaweza kumfafanulia mchimbaji kwa Kiswahili kinachoeleweka. Ujuzi uliozaa kicheko ndio huohuo unaohitajika kwa kazi hiyo, na ndiyo maana kuuzuia ni kosa kubwa zaidi kwa mjuzi kuliko kwa asiyejua.

Inaweza kupingwa kwamba fasihi haidaiwi kutengeneza mifumo, na kwamba kicheko kina thamani yake hata kisipozaa kitu. Pingamizi hilo lina nguvu kwa mizaha na soga. Kwa malumbano ya watani halina, kwa kuwa kipera hicho hakijawahi kuwa cha maneno peke yake. Aliyechagua kuiita kejeli yake utani amechagua pia deni lake.

5.0 Hitimisho

Tahakiki hii imeonesha kuwa kejeli za watunzi wa programu kuhusu habari za teknolojia, zikitazamwa kutoka Shinyanga na Geita, zina ujuzi mwingi, majibu machache na wajibu usio na uhakika. Imependekeza kwamba jina "utani" litumike pale tu ambapo kicheko kinaambatana na kazi, na kwamba zilizobaki ziitwe kwa majina yake: mizaha, mafumbo au masimango. Watafiti wa baadaye wanaweza kukitumia kigezo cha wajibu kuhakiki kejeli za taaluma nyingine, kama vile wauguzi na walimu, ambao nao hucheka mfumo wanaoubeba mabegani.

Mwananchi wa dirishani bado amesimama. Ameambiwa mfumo uko chini, na nyuma ya ukuta kuna mtu anayejua kwamba sivyo. Akicheka na kunyamaza, mwananchi huyo atarudi Bulyanhulu au Nyarugusu mikono mitupu na nauli imekwisha.